Bibi Alikuwa na Cheti

Mwaka 2015 bibi yangu mzaa baba aliuza eka moja ya shamba ili mimi nilipiwe ada. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya binafsi mjini Korogwe, na barua ya deni ilikuwa imeshafika nyumbani mara mbili. Biashara ilifanyika uani kwa bibi, katika kijiji kimoja cha Handeni, saa nne za asubuhi. Walikuwapo mnunuzi, mashahidi wawili, bibi mwenyewe, na mimi niliyekuja kuchukua hela. Mnunuzi alikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Hakuna aliyeisoma kwa sauti. Bibi alikandamiza dole gumba kwenye wino wa mhuri, akalibandika pale alipoonyeshwa, kisha akalifuta kwenye khanga. Noti zikahesabiwa. Nikala ugali, nikapanda gari la kurudi Korogwe.

Mvua za masika zilipoanza, mnunuzi alileta trekta akalima eka mbili. Bibi akaenda kulalamika. Karatasi ikatolewa, na kweli ilikuwa imeandikwa "eka mbili". Mashahidi wakasema wao walishuhudia dole gumba, hawakushuhudia maandishi. Shauri likafia hapo.

Ndugu msomaji, kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiisimulia habari hii kijiweni kama hadithi ya tapeli na bibi kizee asiyejua kusoma. Wenzangu walisikitika, wakatukana matapeli, tukahamia mambo ya mpira. Halafu mwaka juzi, nikimsaidia bibi kuhamisha vitu kwenye chumba kilichokuwa kinavuja, nikafungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya khanga za akiba na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana wajukuu, nilikuta karatasi imekunjwa mara nne. Kilikuwa cheti cha Elimu ya Watu Wazima. Kilisema kwamba mwenye jina lile, jina la bibi yangu, amefuzu hatua ya nne ya kisomo katika mtihani wa Agosti 1975.

"Bibi, hiki cha nani?"

"Cha nani tena, mume wangu? Si changu!"

"Sasa mbona ulibandika dole gumba?"

Akacheka kidogo, akageukia upande wa jiko. "Mambo ya zamani hayo. Yalishatoka."

Neno hilo, yalishatoka, lilinisumbua. Yalitoka vipi? Yalikwenda wapi? Mimi si mwanahistoria. Nimeishia kidato cha nne, na cheti changu ni cha kuficha kuliko kuonyesha. Lakini naandika riwaya, na mtu anayeandika riwaya hawezi kuliacha swali kama hilo lipite. Nikaanza kuuliza wazee na kusoma kila nilichokipata maktaba. Haya ndiyo niliyoyaokota.

KABLA YA NGUMBARU

Sehemu zetu hizi hazikuwa gizani kabla ya Uhuru, kama baadhi ya hotuba zinavyotaka tuamini. Pwani ya Tanga na Pangani watu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walifungua shule Magila, na huku Uzigua wakakaa Kwamkono. Wajerumani walijenga shule ya serikali Tanga, na kutoka shule hiyo likatoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, ambalo lilianza 1904 na kuendelea mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Walioliandika wengi walikuwa vijana wenye umri kama wetu, makarani na walimu, wakituma habari za miji yao. Kwa hiyo sisi tunaohangaika na vijarida vidogo si wa kwanza. Tuna babu zetu katika kazi hii.

Ila kusoma kulikuwa kwa wachache. Korogwe ilikuwa nchi ya mkonge na reli. Watu waliletwa kutoka mbali kufanya kazi mashambani, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku thelathini za kazi. Ukimaliza siku zako thelathini ndipo ulipwe. Sasa jiweke mahali pa mtu asiyejua hata tarakimu. Siku yake imeandikwa au haikuandikwa, yeye atajuaje? Anategemea neno la nyapara na macho ya karani. Nilipofika hapo nilikumbuka uani kwa bibi. Karatasi iko mikononi mwako, jasho ni lako, lakini anayejua kilichoandikwa ni mwingine. Kumbe mchezo wenyewe ni wa zamani.

MWAKA WA WATU WAZIMA

Mwaka 1964, akitangaza Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisema jambo ambalo mpaka leo lina uzito. Alisema lazima tuanze kuwaelimisha watu wazima, kwa kuwa watoto wa shule itachukua miaka mingi kabla elimu yao haijagusa uchumi wa nchi. Wakoloni walihesabu elimu kuwa ya watoto, tena wachache. Yeye aliiona ni ya mtu anayelima leo.

Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, katika hotuba ya kuukaribisha mwaka mpya, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alitaja makusudi matatu: kwanza, watu wajitikise waache kuyakubali maisha yao kana kwamba hayabadiliki, pili, wajifunze namna ya kuyabadilisha, tatu, waielewe siasa ya ujamaa na kujitegemea. Ukisoma makusudi hayo utaona kwamba herufi hazikutajwa mwanzo. Herufi zilikuwa chombo cha kazi, kama jembe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Zilichaguliwa wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa 1971. Mwaka huohuo 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaamua nchi nzima ifanye hivyo ifikapo mwisho wa 1975. Kule Kanda ya Ziwa, Mwanza na mikoa jirani, tangu 1968 kulikuwa na mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, ambako watu walifundishwa kusoma kupitia kazi zao, yaani pamba, ndizi, uvuvi, na malezi ya nyumbani. Hicho ndicho kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Sisi huku wazee wetu hawakuwa na haja ya jina refu. Waliliita ngumbaru.

HANDENI CHINI YA MTI

Handeni ilikuwa na mambo yake. Ni wilaya ya mahindi na ukame, njaa yake imeandikwa katika vitabu vya historia tangu enzi za ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa kati ya wilaya za mwanzo ambako watu walihimizwa, na wengine kusukumwa, kuacha makao yao ya mbalimbali na kukaa pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mwanamke mmoja Mjerumani, Michaela von Freyhold, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji vya ujamaa vya mkoa wetu wa Tanga, kikatoka 1979. Wasomi wa Ulaya wanaijua Handeni ya miaka ile kuliko vijana wa Chanika wanaocheza pool jirani na stendi. Sisemi kwa dharau. Mimi mwenyewe sikuijua.

Bibi alihamia kijijini akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Anasema darasa lilikuwa saa tisa alasiri, baada ya shamba. Wanawake walikuja na watoto wao, na wengine na mafungu ya mboga wakichambua huku wakisoma. Kitabu kimoja walisoma watu watatu. Kalamu zikikosekana waliandika ardhini kwa kijiti. Na mwalimu wao? Kijana aliyemaliza darasa la saba, ndevu bado. Jambo hilo lilikuwa la kawaida nchi nzima, kwa sababu walimu wenye vyeti hawakutosha, na kazi kubwa ilibebwa na waliojitolea kwa posho ndogo.

"Alikuwa mtoto wa jirani," bibi alinisimulia. "Asubuhi namtuma maji, jioni nasimama namwambia shikamoo mwalimu. Yeye anaona haya kuitikia."

Nilimwuliza kama walilazimishwa. Akanyamaza, kisha akasema wengine ndiyo. Na kweli, sehemu mbalimbali nchini zilitunga sheria ndogo za kuwabana watoro wa kisomo. Baadhi ya wanaume waliona ni aibu kukaa mkeka mmoja na wake zao na kukosea mbele yao. Wengi waliacha. Wanawake wakaendelea. Bibi hakulazimishwa. Alikuwa na sababu yake: mume wake, babu yangu, alikuwa kibarua kwenye mkonge Korogwe, akituma barua, na kila barua ilipofika ilibidi ipelekwe kwa mtu mwingine aisome. "Mambo yangu na mume wangu, kijiji kizima kinayajua kabla yangu." Ukitaka kujua maana ya kisomo chenye manufaa, basi ndiyo hiyo.

KOROGWE YAIENDEA HANDENI

Maji ya Handeni huvutwa kwa bomba kubwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 elimu nayo ilitoka upande huohuo. Chuo cha Ualimu Korogwe kilikwenda kijiji cha Kwamsisi, mashariki ya Handeni, kujaribu kitu kipya kilichoitwa shule ya jamii, kwa msaada wa UNESCO na UNICEF. Mawazo yake yalitoka katika Elimu ya Kujitegemea, kijitabu alichokitoa Nyerere Machi 1967.

Shule ya jamii maana yake nini? Kwa kawaida shule huwa ni kisiwa. Mtoto akiingia anavua kijiji mlangoni, anavaa habari za mbali, na mzazi haingii mpaka aitwe kwa kosa la mwanawe. Kwamsisi walitaka kukivunja kisiwa hicho. Shule iwe mali ya kijiji. Masomo yaanze na matatizo ya kijiji chenyewe, kama chakula, afya, na kilimo. Mtoto asome na mzazi asome, na kile anachosoma asubuhi mtoto kisipingane na anachofanya mchana mzazi. Jaribio hilo lilizaa mpango mkubwa zaidi uliojulikana kwa kifupi chake, MTUU, wa kueneza shule za namna hiyo sehemu nyingine za nchi.

Nilipolisoma jambo hili nilipigwa na butwaa. Nimesoma Korogwe miaka minne. Nimepita mbele ya chuo hicho mara nisizoweza kuhesabu. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba hapa petu, kati ya Korogwe na Handeni, palijaribiwa wazo ambalo wataalamu wa nchi nyingine walikuja kulisoma. Tulikariri Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza. Kwamsisi hatukuijua.

Lakini hatukuja hapa kusifu tu. Shule za aina hiyo ziligongana na kitu kimoja kigumu: mtihani wa darasa la saba. Huo ulibaki palepale, na nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno. Mzazi wa kijijini si mjinga. Anajua kwamba mlango wa mshahara ni mmoja, na ufunguo wake ni kushinda mtihani. Ukimwambia mwanawe asome habari za muhogo wakati mtoto wa bwana mkubwa mjini anasomea mtihani, atakuuliza: hayo ya muhogo mbona humfundishi wako? Swali hilo halikujibiwa wakati ule, na mpaka leo sijaona aliyelijibu.

REDIO NA CHOO

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikaa kuzunguka redio, vikasikiliza kipindi, kisha kiongozi akafungua kijitabu, wakajadili, wakaamua la kufanya. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Uamuzi mkubwa ulikuwa kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu. Baadaye ikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali mwaka 1980.

Bibi anakumbuka redio ilikuwa moja kijijini, na mwenye nayo alikuwa mtu mkubwa kuliko diwani. "Desturi ya kila nyumba choo chake, hapa kwetu ilikuja na redio ile," anasema. Mjukuu unacheka, lakini hebu jiulize: ni sera ngapi za siku hizi ambazo mwanamke wa kijijini atazikumbuka baada ya miaka hamsini, tena kwa jina?

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Watu zaidi ya milioni tano walikuwa wameandikishwa kwenye kisomo, na wapatao milioni 3.8 wakaukalia. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Kulikuwa na kusoma, kuandika, na hesabu. Anasema alitetemeka mkono mpaka herufi zikawa kama zimepandwa na mlevi. Lakini alipita, hatua ya nne. Siku cheti kilipokuja, babu alirudi kutoka Korogwe akamletea kitambaa cha gauni.

YALITOKAJE?

Sasa tazama tarakimu hizi. Wakati wa sensa ya 1967, wasiojua kusoma walikuwa wapata theluthi mbili ya watu wazima. Baada ya mtihani wa 1975 Serikali ilisema wamebaki asilimia 39. Mitihani ikaendelea: 1977 asilimia 27, 1981 asilimia 21, 1983 asilimia 15, na 1986 asilimia 9.6. Dunia ilitupigia makofi. Nchi maskini ya Afrika, watu tisa kati ya kumi wanasoma!

Halafu sensa ya 2002 ikaonyesha kwamba wanaojua kusoma ni kama asilimia 69 tu. Ile ya 2012 ikasema 78, na ya 2022 ikasema 83. Yaani baada ya miaka thelathini na sita bado hatujaifikia ile tisini ya 1986. Ni kweli vipimo havifanani. Mtihani wa kisomo ni kitu kimoja, na karani wa sensa anayeuliza mlangoni ni kitu kingine. Na pengine tarakimu za zamani zilipakwa poda kidogo. Lakini hata ukiondoa poda, kuna watu waliokuwa wanasoma wakaacha kujua. Bibi yangu ni mmoja wao, na cheti ninacho.

Sababu za nchi zinajulikana. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, bei ya mafuta, ukame, na viwanda kusimama. Karatasi ikawa adimu, sembuse vitabu. Mwaka 1977 tulianza Elimu ya Msingi kwa Wote, jambo jema, lakini lilivuta walimu na chaki zote upande wa watoto. Kuanzia 1986 tukaingia masharti ya wakopeshaji, kubana matumizi, na ngumbaru ilikuwa ya kwanza kubanwa kwa sababu haikuwa na wa kuitetea. Mtoto akikosa shule mzazi anapiga kelele. Bibi akikosa darasa, nani atapiga kelele?

Sababu ya bibi ni fupi zaidi. Nilimwuliza: baada ya cheti ulisoma nini? Akafikiri. Barua za babu. Kisha babu akastaafu mkonge akarudi nyumbani, barua zikaisha. Baada ya hapo? Akaniangalia kama vile nimeuliza jambo la ajabu. "Nisome nini? Kulikuwa na nini?"

Vijana wenzangu waandishi, hapo ndipo nilipokaa chini. Serikali ilifundisha mamilioni ya watu kusoma, na baada ya kitabu cha kwanza, kwa wengi hakikuja cha pili. Haikuwa kwamba hakuna aliyeliona tatizo hilo. Kanda ya Ziwa lilianzishwa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, na kulikuwa na maktaba za vijiji. Lakini karatasi na fedha zilipokwisha, vitu hivyo vikadhoofika. Kusoma ni kama njia ya porini. Isipopitwa mwaka mmoja, huioni.

SISI WA LEO

Si kweli kwamba elimu ya watu wazima imekufa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, ipo na inafanya kazi. Mwaka 1999 ulianza mpango wa MEMKWA kwa watoto na vijana walioikosa elimu ya msingi. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni, na wengine wanasoma sekondari kwa njia mbadala kupitia Taasisi hiyo. Mwaka 2025 ilizinduliwa sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho, yenye kutaka elimu ya lazima iwe miaka kumi. Hayo ni mema, na mimi mwenyewe nimenufaika na mlango huo wa pili.

Maana baada ya kupata daraja la nne kidato cha nne, nilijiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tulikuwa tunakutana jioni katika darasa la kukodi Korogwe: dereva wa bodaboda, mama lishe, dada mmoja aliyezalia kidato cha pili, mlinzi wa ghala, na mimi. Wanafunzi hodari, si mchezo. Mama lishe alikuwa anakuja na harufu ya vitunguu, na hesabu alituzidi wote. Lakini hatukuwahi kuulizana maisha yetu yana tatizo gani na kitabu kitasaidiaje. Tuliulizana: swali hili lilitoka mwaka gani? Tulisaka cheti. Siwalaumu wenzangu wala sijilaumu, kwa sababu bila cheti hata ulinzi hupati. Ila nikiweka makusudi matatu ya 1970 kando ya daftari langu la maswali ya mitihani iliyopita, naona tumebaki na jembe, tumesahau shamba.

Na kwa bibi? Kijijini kwake darasa la ngumbaru halipo tena. Mti upo.

MIWANI

Desemba iliyopita nilipita soko la Manundu nikanunua miwani ya kusomea, ile ya machinga, bei ya sahani mbili za wali. Nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi na lile neno lake, yalishatoka. Nilikuwa nimemwona bibi akichambua mchele kwa kuupeleka mbali na uso. Mtu akipita miaka arobaini macho ya karibu hupungua, hata kama akili ina herufi zote. Waliofundishwa 1975 wakiwa na miaka ishirini na tano, ilipofika miaka ya 1990 maandishi madogo yalianza kuwapotea, na kijijini nani anauza miwani?

Akaivaa, akaambiwa na watoto kwamba amefanana na mwanasheria, akacheka. Nikampa cheti chake. Akakishika kimya muda mrefu. Kisha kidole kikaanza kutembea. Je-di. Je-di-da. Jina lake, kwa silabi. Alikosea, akarudi, akakosea. Lakini hayakuwa yametoka yote. Yalikuwa yamekaa mahali yanasubiri mwanga. Kumbe mwaka 2022 karani wa sensa alipomwuliza kama anajua kusoma, yeye mwenyewe alijibu hapana, akaandikwa upande wa wasiojua.

Siku ya tatu akaniambia nimletee ile karatasi ya shamba. Nilisita. Nakala ilikuwa kwa baba, nikaileta. Akaisoma kwa nusu saa nzima, kidole chini ya kila neno, mpaka akafika. E-ka. M-bi-li. Akavua miwani.

"Siku ile ulikuwapo," aliniambia. "Ungenisomea."

Hakusema kwa hasira. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nina kalamu mfukoni, nina macho mazima, na sikuisoma ile karatasi kwa sababu nilikuwa na haraka ya gari. Miaka yote hii nilikuwa nasimulia kijiweni kwamba shamba lilipotea kwa sababu bibi hajui kusoma. Lilipotea na mimi ninayejua nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo.

Jioni yake nilimsomesha kurasa mbili za mswada wangu. Alizipitia polepole, nikisubiri hukumu. Akasema: "Huyu mtu wako ametembea tangu asubuhi mpaka usiku, mbona hajala?" Nimeifuta sura ile naiandika upya, kwa sentensi fupi.

Basi ndugu msomaji, sera waachie wenye vikao, lakini tusiwaachie kila kitu. Kama u mwandishi, andika kitu ambacho mtu aliyepata hatua ya nne mwaka 1975 anaweza kukisoma mpaka mwisho, kwa herufi kubwa. Na ukienda kwenu likizo, fungua masanduku. Ukikuta cheti, nenda kanunue miwani. Na kukiwa na karatasi inayotaka dole gumba, isome kwa sauti kabla wino haujafunguliwa, hata kama gari linapiga honi.